Aliyemshika Kichwa Ni Mimi

Nikianza kuwataja wenye makosa sitamaliza leo. Maalim wa chuo cha Qurani yumo. Mwalimu wa darasa la pili yumo. Yule kijana wa zahanati aliyetupatia dawa ya minyoo bila kuinua macho kwenye simu yake, yumo. Mume wangu yumo, na dada yake, wifi yangu, huyo nilimweka mbele ya wote kwa miaka minne. Majina siyaandiki, wakisomewa watajijua wenyewe. Shule mimi niliishia la nne, lakini kuwahesabu watu walionikosea sikuhitaji shule. Ila katika hesabu yangu palikuwa na mtu mmoja niliyekuwa nikimruka kila mara, na huyo ndiye ninayetaka kumwandika.

Binti yangu alianza kupepesa macho akiwa na miaka saba. Mwanzo nilidhani ni vumbi, kwa maana nyumba yetu iko Galu nyuma ya mahoteli, kando ya njia ya malori ya mchanga. Nikamwosha macho kwa maji ya chumvi. Yakaendelea. Baada ya miezi bega la kulia likaanza kuruka, kama mtu anayemfukuza nzi. Kisha ikaja sauti ya kooni. Siwezi kuiandika vizuri. Ilikuwa kama mtu anayetaka kukohoa akaghairi: hkm. Hkm, hkm. Akila, akicheza, akivaa viatu. Akitulia ndiyo ilizidi.

Mume wangu alikuwa askari wa usiku kwenye hoteli moja ya Diani. Alirudi asubuhi, akanywa chai, akavuta pazia akalala hadi alasiri. Siku za shule hapakuwa na neno. Lakini Jumamosi nyumba ilikuwa yetu sote, na nyumba yenyewe ni vyumba viwili.

"Mnyamazishe huyo," angesema nyuma ya pazia. "Ama niinuke nimnyamazishe mimi."

Basi nilimnyamazisha. Nilimfinya paja. Nilimwambia akae juu ya viganja vyake, afunge mdomo, ahesabu mpaka mia. Alikuwa anajaribu, nataka mjue hivyo. Alikaza uso mpaka mishipa ya shingo ikatoka, halafu ile sauti ikaja mara tatu kwa mpigo, kali kuliko mwanzo, na babake akatukana.

Siku moja aliniambia, "Mama, nikiizuia yanijaa hapa." Akashika koo. "Ni kama chafya. Huwezi kuiambia chafya isije."

Nikamwambia, "Chafya haiji mara mia kwa siku. Hiyo ni jeuri."

Mtoto wa miaka saba alinieleza ugonjwa wake kwa maneno mepesi hivyo, na mimi nikamwita jeuri.

Chuoni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watoto wakisoma kwa pamoja hakusikika, lakini kila waliponyamaza kuvuta pumzi yeye akatoa hkm yake peke yake, na chuo kizima kikaangua kicheko. Wakaanza kumwiga. Aya ikiisha, kundi zima: hkm! Maalim alimsimamisha mguu mmoja karibu na ukuta. Kisha akaniita.

"Mama," akasema, "mtoto wako anaifanyia mzaha Qurani."

Neno hilo lilinichoma. Mimi ni mtu maskini, lakini sijapata kuambiwa nimelea mtoto wa kuifanyia mzaha Qurani. Nilimrudisha nyumbani nimemshika sikio, nikampiga kwa mwiko wa sima mpaka mwiko ukavunjika. Jirani akanipigia kelele kutoka uani kwake: "We! Unapiga mtoto au unapiga nyoka?" Nikamjibu asiniingilie.

Shuleni nako alikuwa akilala. Anaweka kichwa juu ya dawati saa tatu asubuhi, analala. Wenzake wakamwita Popo. Mwalimu akaandika kwenye daftari kwamba mtoto apunguziwe kazi za nyumbani, apewe nafasi ya kulala usiku. Nilisoma nikaona nimetukanwa. Kazi gani? Mtoto wangu alikuwa akilala mara tu baada ya isha, na kulala kwenyewe alilala kama gogo.

Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Alilala na mimi kitanda kimoja, maana babake alikuwa kazini. Alikoroma. Nilikuwa nikicheka peke yangu, nikasema huyu amemrithi babake. Kwetu mtoto akikoroma watu husema ameshiba. Aliweka shingo nyuma, mdomo wazi, jasho linamtoka hata wakati wa baridi ya Julai. Na kuna wakati kukoroma kulikatika ghafla. Kimya. Kifua kinakwenda lakini pumzi haiingii. Halafu angeshtuka, akavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini, akageuka, akaanza tena.

Niliyaona hayo. Sikuambiwa na mtu. Nikasema ni jinamizi, nikaweka kisu chini ya mto kulifukuza, nikalala.

Na alikojoa kitandani. Hapo ndipo roho yangu ilipozidi kuwa nyeusi. Mimi kazi yangu ni kufua mashuka ya nyumba za wageni ufuoni. Kutwa nzima mikono yangu imo ndani ya sabuni, mashuka ya watu wazima yenye mchanga, mafuta ya jua na mvinyo. Nikirudi nyumbani nakuta shuka jingine linaningoja, la bure, la mtoto wa miaka minane asiyeweza kujizuia. Nilikuwa nikimfulia huku namsimanga. Alisimama mlangoni akasikiliza yote, bega likiruka.

Likizo ya Agosti nilimchukua twende naye kazini, ili babake alale. Saa nne asubuhi nilimwona amelala juu ya lundo la mashuka machafu, nikamwacha. Mpishi wa pale alikuwa mwanamke wa kutoka bara, mcheshi, mwenye mdomo. Akatoka jikoni na kisu cha vitunguu mkononi, akasimama juu ya mtoto.

"Mathe," akaniita. "Mathe, kuja. Huyu mtoto amewacha kupumua."

"Anaota," nikasema. "Ni jinamizi hilo, humjia."

"Jinamizi saa nne asubuhi, jua likiwaka hivi? Ai. Hiyo jinamizi yenu haina adabu." Akachuchumaa. Akaanza kuhesabu kwa sauti. Alifika kumi na moja ndipo mtoto aliposhtuka na kuvuta hewa. Mpishi hakucheka tena. "Mathe, huyu anakufa na kurudi. Mpeleke hosi. Waambie hivyo tu, anakufa na kurudi."

Nikamjibu, "Wewe pika." Sikupenda mtu wa bara anifundishe mtoto wangu.

Lakini neno lake lilinikaa. Nikampeleka zahanati, na mbele ya yule kijana sikusema kwamba anakufa na kurudi, niliona haya, lilikuwa neno la jikoni. Nikasema anakohoa bila kukohoa, na anapepesa macho. Akatupa dawa ya minyoo. Nimemlaumu sana kijana huyo, na alistahili, lakini hakuna aliyemwambia habari za usingizi.

Ndipo wifi akaja. Yeye ameolewa upande wa Msambweni, huja kututazama na papai na maneno. Alimsikiliza mtoto wakati wa kula, akaweka tonge chini.

"Hebu njoo kwa shangazi. Fungua mdomo. Sema aa." Akamgeuza kwenye mwanga wa mlango. "Wifi! Wewe huoni? Hiki ni kilimi."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kwetu watu wazima wengi waliwahi kukatwa. Mtoto akikohoa sana, akitapika, akikonda, husemwa kilimi chake kimerefuka, na huitwa fundi akikate.

"Kimefika kwenye ulimi," wifi akasema. "Ndicho kinachomkereketa. Ndicho kinachomkaba akilala. Na macho hayo, mtu atakosaje kupepesa macho na kitu kinamtekenya kooni mchana na usiku? Maskini mtoto, na mlikuwa mkimpiga."

Sikuwahi kusikia maneno yaliyopangika namna ile. Koo, usingizi, macho, yote kayafunga fungu moja. Baadaye nilikuja kuona kwamba wifi hakuwa mbali. Kitu kweli kilikuwa kooni. Nyama ndiyo aliyoikosea.

Nilisita. Nilikuwa na sababu ya kusita. Mimi nilikatwa nikiwa na miaka sita, siku moja na binamu zangu wawili, tukapangwa kwenye mkeka. Tulikatwa watatu, tukabaki wawili. Yule wa tatu alitoka damu siku mbili. Wazee walisema siku zake zilifika. Nakumbuka nilipewa sehemu yake ya uji.

Wifi alijua habari hiyo. Akasema, "Na wewe je? Hukukatwa? Si huyu hapa uko hai, unafua mashuka ya Wazungu?"

Aliyepona huwa shahidi wa dawa hata kama hataki. Yule aliyekufa hawezi kuja kutoa ushahidi wake.

Mume wangu aliposikia alisema, "Kama kitamnyamazisha, kikatwe." Akavuta pazia.

Tulikwenda Msambweni siku ya Alhamisi. Fundi alikuwa mzee mpole, kanzu safi, ndevu zimechanwa. Aliosha mikono kwa sabuni, nikafurahi kuiona ile sabuni. Alikuwa na kijichuma kilichopinda kama ndoana na unga wa dawa ndani ya kikopo. Tulikuwa uani kwa wifi. Mtoto nilimdanganya kwamba anakuja kuangaliwa tu.

"Nani atamshika kichwa?" fundi akauliza. "Nataka mkono usiotetemeka."

Wifi akasema atamshika yeye. Akajivua leso ya begani, akamfunga mtoto macho ili asione chuma, akakaa nyuma yake, akamlaza kichwa mapajani. Fundi alipokaribia, nikaona mikono ya wifi inatetemeka mpaka kichwa cha mtoto nacho kinatikisika. Fundi akashusha mkono. "Siyo wewe, mama."

Wifi aliinuka akatoka mbio, akaenda nyuma ya jiko. Tulimsikia akitapika.

Nikakaa mimi. Nikamshika mwanangu kichwa, kiganja kimoja kwenye paji la uso na kingine chini ya kidevu, kama nilivyoshikwa mimi. Mtoto hakujua kwamba watu wamebadilishana. Leso ilikuwa ya wifi, ilinukia udi wa wifi. Akalia, "Shangazi, niache! Shangazi, nisamehe, sitafanya tena!" Alidhani anaadhibiwa kwa zile sauti.

Kutoka nyuma ya jiko wifi akapiga kelele: "Basi, wifi! Mwacheni mtoto! Fundi, muache!"

Fundi akanitazama mimi. Mikono yangu haikutetemeka. Mikono ya kukamua mashuka haitetemeki.

Nikamwambia, "Fanya."

Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi. Fundi akamtia unga kooni, akasema itakauka. Akanionyesha kile kinyama juu ya jani, kidogo, cheupe. Nilitazama nikawaza, kitu hiki ndicho kilichotutesa hivi? Mtoto alipofunguliwa macho, mimi nilikuwa nimeshasimama kuchukua maji, na wifi amerudi, amepiga magoti mbele yake akimfuta. Mtoto akamwona yeye. Akampiga teke.

Damu haikukauka. Adhuhuri alikuwa amelegea, akitapika damu nyeusi aliyokuwa akiimeza. Fundi alikuwa ameshakwenda. Mimi niliduwaa. Wifi ndiye aliyekimbia barabarani bila viatu akasimamisha bodaboda, na ndiye aliyembeba mgongoni hadi ndani ya hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke, kijana, mgeni wa Pwani kwa lafudhi. Walipomzuia damu na kumtundikia maji akanitoa kando.

"Mama, nini kimetokea?"

"Ameanguka," nikasema. "Alikuwa na mswaki mdomoni, akaanguka nao."

"Mswaki umekata hapa peke yake? Vizuri hivi, kama mkasi?"

Wifi alikuwa pembeni yangu, akainamisha kichwa. Hakunisaliti.

"Mama, mimi si polisi. Lakini nikitibu uongo wako, mtoto wako atakufa kwa ukweli."

Nikamwambia kwamba amekatwa kilimi. Nikaongeza, tena bila kuulizwa, "Ni huyu wifi yangu aliyemleta fundi." Yalikuwa maneno ya kweli. Ndiyo ubaya wake, kwamba yalikuwa ya kweli.

Daktari aliuliza mmekikata kwa nini. Nikamweleza macho, bega, koo. Akasikiliza. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Analalaje?"

"Vizuri," nikasema. Halafu nikamkumbuka yule mpishi na kisu chake cha vitunguu. "Anakoroma. Na kuna wakati anakufa na kurudi."

Akaniita karibu na kitanda, akawasha kurunzi, akanionyesha ndani ya kinywa cha mwanangu. Pembeni mwa ile sehemu iliyokatwa palikuwa na mafindofindo mawili makubwa, moja kila upande, yanakaribia kugusana.

"Unaona nafasi iliyobaki? Mchana anaweza kupitisha hewa. Akilala, nyama hulegea, mlango unajifunga. Ubongo unamwamsha kidogo ili avute hewa. Halafu tena. Halafu tena. Usiku wote. Mtoto huyu hajalala, mama, labda kwa miaka miwili. Ndiyo maana anasinzia darasani. Na kukojoa kitandani mara nyingi huandamana na hali hii."

"Na macho? Na bega?"

Hapo akawa mwangalifu. Akasema hayo yana jina, huitwa tiki, si jeuri, si pepo, si minyoo. Watoto wengi huyapata na wengi huyaacha wakikua. Mtoto hayafanyi kwa kupenda. Akiyazuia yanamjaa, akikatazwa au akiogopa yanazidi.

"Na yanatoka kwenye huku kukosa usingizi?"

"Huenda," akasema. "Tunajua mtoto aliyechoka yanamzidia. Wako wanaofikiri kwamba pumzi kukatika usingizini inaweza kuyachochea. Siwezi kukuapia. Mafindofindo tutataka yatolewe kwa ajili ya pumzi. Macho tutayaona baadaye, yakipungua tutashukuru."

Huenda. Nimeishi na neno hilo miaka minne. Nimeligeuza kila upande kama shuka lenye doa. Ikiwa tiki zilitoka kwenye usingizi, basi kila kofi nililompiga lilimwangukia mtoto aliyekuwa amekabwa usiku kucha, na mimi nimelala ubavuni mwake. Ikiwa hazikutoka huko, basi lilimwangukia mtoto mwenye maradhi yake ambayo hakuyaomba. Nimetafuta upande ambao mimi ninatoka salama. Haupo.

Jeraha lilipopona tuliandikiwa kwenda Mombasa, tukavuka feri, akatolewa mafindofindo. Alikuwa ameshatimiza miaka tisa. Alipoambiwa afungue mdomo alikataa. Manesi watatu walimbembeleza. Mimi nilipomsogelea kumsaidia akafunga macho kwa viganja, akasema, "Asije shangazi. Mama, usimruhusu shangazi."

"Hayupo," nikamwambia. "Niko mimi."

Akafungua mdomo. Kwa sababu ni mimi.

Wiki chache baadaye nyumba ilikuwa kimya mpaka ukashtuka. Alilala na mdomo umefungwa. Kitanda kikakauka. Shuleni hakuitwa Popo tena. Bega lilitulia kwanza, kisha macho, si siku moja, polepole, kama mvua inayoacha. Sauti ya kooni haikwisha kabisa, humrudia akiwa na mtihani au akiona ugomvi. Na akinywa maji kwa haraka humtokea puani, kwa sababu ya kile tulichokikata bure. Hiyo haitapona. Wenzake wakimcheka huwaambia amezaliwa hivyo.

Shangazi yake akawa adui. Wifi akija, mtoto anatoka kwa mlango wa uani. Idd wifi alileta nguo aliyoishona mwenyewe, mtoto hakuivaa. Wifi akimwita "mamangu, njoo nikuone," ni kama ameuita ukuta. Na mimi nilikuwa nikiwasimulia majirani kisimani: wifi yangu alitaka kuniulia mtoto. Mwanangu yuko pale, ndoo kichwani, anasikia. Wifi mwenyewe hakujitetea hata siku moja. Alinitazama tu, akangoja niseme. Nilianza kumchukia kwa kule kungoja kwake.

Mwaka huu binti wa wifi aliposwa. Ukaletwa mwaliko, na ombi: mwanangu awe katika wasichana wa kumsindikiza bibi harusi. Ana miaka kumi na miwili sasa, mrefu, amenipita mabegani. Akasema haendi.

Ilikuwa likizo, alikuwa amekuja kunisaidia kazini. Tulikuwa tukikamua shuka kubwa la kitanda cha watu wawili, yeye ncha ile, mimi ncha hii, tunalizungusha.

"Utakwenda," nikasema. "Ni dada yako anayeolewa."

"Mamake alinishika kichwa."

"Ni zamani hiyo."

"Mama, nasikia mikono yake mpaka leo. Nikioga nikijigusa hapa chini ya kidevu naisikia. Sitaki kumwona."

Maji yalikuwa yakitiririka kati yetu. Ningeweza kunyamaza tena. Nilikuwa na ujuzi wa miaka minne. Lakini alipoonyesha mahali, alipaonyesha hasa, na vidole vyangu vikapatambua.

"Hakuwa yeye," nikasema.

"Nani?"

"Aliyekushika. Shangazi yako alishindwa, mikono ilimtetemeka, fundi akamtoa. Nilikaa mimi. Leso ilikuwa yake. Mikono ilikuwa yangu."

Hakuacha ncha ya shuka. Akaanza tena kupepesa macho, jambo ambalo sikuwa nimeliona mwaka mzima.

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Nyuma ya jiko. Alikuwa akisema uachwe."

"Nilisikia mtu." Hkm. "Nilisikia mtu anasema mwacheni mtoto." Hkm, hkm. "Nilidhani ni wewe, mama. Miaka yote nimejua ni wewe."

Hilo sikulijua. Katika yote niliyomwibia wifi, sikujua kwamba hata sauti yake nimepewa mimi.

"Sikuwa mimi," nikasema. "Mimi nilisema fanya."

Alizungusha shuka mara moja zaidi, likakauka mpaka halidondoshi hata tone. Kisha akalitia ndani ya beseni, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utanichukia."

"Kwa hiyo ukaacha nimchukie yeye."

"Ndiyo."

Alikwenda Msambweni siku mbili kabla ya harusi, peke yake. Nilitaka kumsindikiza mpaka barabarani akasema, "Mama, usinifuate." Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Mimi nilikwenda siku ya harusi yenyewe. Nilimwona kwa mbali, amevaa nguo ya kushonwa na shangazi yake, anagawa pilau. Wifi alikuja akakaa karibu nami kwenye mkeka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa lolote.

"Wifi, shikamoo," nikamwambia, ingawa yeye ni mdogo wangu. Nilijikuta nimelisema tu.

Akacheka. "Umezeeka ghafla au umenizeesha mimi?" Halafu akasema, "Ameniambia kwamba umesema."

"Nimesema."

"Fundi nilimleta mimi, wifi. Hilo usinitolee. Tugawane." Akanisogezea sahani. "Kula."

Tukala. Nikamuuliza kama mtoto atarudi nami jioni. Akasema mtoto ameomba abaki pale mpaka shule zifunguliwe, na yeye hakuwa na uso wa kumkatalia. Nikasema sawa. Nini kingine ningesema?

Ni wiki ya tatu sasa. Sauti ya kooni imemrudia sana, wifi asema, na macho pia, lakini hawamkatazi, na watoto wa pale wameshazoea. Kwenye simu hataki kuzungumza nami bado. Wifi ndiye hunipigia kila asubuhi baada ya swala, naye hajui kuanza kwa salamu anapokuwa na habari.

"Amelala vizuri," huniambia. "Kimya kabisa, nilikwenda kumsikiliza."

Namwambia ahsante. Nakata simu, natia sabuni majini.